Harrier ya Haibridi, Foleni ya Kampala na Hesabu ya Mafuta

Kwenye bondi za magari Kampala, zile yadi za magari yaliyoagizwa nje, kuna sentensi moja inayouza kuliko zote: "Mzee, hii ni haibridi, haili mafuta." Husemwa mbele ya Prius ya lita 1.5, husemwa mbele ya Harrier ya V6 (silinda sita) lita 3.3, na siku hizi husemwa hata mbele ya BMW X5 ya kuchomeka kwenye umeme yenye nguvu ya farasi 394. Magari hayo matatu yote yanaitwa haibridi, yaani yana injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, ila kwenye pampu na kwenye ekzosi hayana undugu wowote wa maana.

Swali la kama gari la haibridi lenye nguvu nyingi linaweza kukaa pamoja na kujali mazingira hujibiwa haraka mno na pande zote mbili. Mmoja anasema farasi 270 ni anasa, basi. Mwingine anasema ni haibridi, basi. Ukifungua boneti na kupiga hesabu unakuta kwamba nguvu yenyewe ndiyo yenye hatia ndogo kuliko vyote. Wenye hatia ni uzito, ukubwa wa injini, na hali ya mtambo gari likishafika hapa likiwa na miaka kumi na kitu.

Tuanze na nguvu inakotoka. Harrier Hybrid ya kuanzia 2005, ambayo nje ya Japani iliuzwa kama Lexus RX400h, hutajwa kuwa na kilowati 200, yaani farasi 272 za Kijapani. Injini yake ya 3MZ-FE hutoa kilowati 155. Zilizobaki 45 ni uwezo wa betri kusukuma mota. Betri hiyo ya nikeli, volti 288, hubeba kama kilowati-saa 1.9, lakini kompyuta hairuhusu itumike yote. Hucheza kati ya asilimia 40 na 80 hivi ili idumu. Kwa hiyo unacho kiasi cha kilowati-saa 0.76 cha kutumia. Ukikanyaga mafuta hadi chini, kilowati 45 zinaimaliza kwa dakika moja tu. Baada ya hapo unaendesha V6 ya kawaida, tena nzito kuliko ile isiyo na haibridi.

Prius ya kizazi cha pili imejengwa kwa mtindo uleule, ila vipimo vyake ni vingine: injini kilowati 57, betri kama 25, jumla 82. Nayo ikipanda mlima mrefu huishiwa betri, lakini kinachobaki kufanya kazi ni injini ya lita 1.5.

Haibridi huokoa mafuta kwa njia nne. Injini huzimika gari likisimama. Breki hurudisha umeme kwenye betri. Injini hutumia mzunguko wa Atkinson, ambapo valvu za kuingiza hewa huchelewa kufungwa, kwa hiyo moto unasukuma pistoni umbali mrefu kuliko ule uliotumika kugandamiza hewa. Na kwa kuwa mota ipo kusaidia wakati wa kuondoka, injini yenyewe inaweza kuwa ndogo. Harrier ya 3.3 ilichukua njia mbili za kwanza ikaziacha mbili za mwisho: injini ni kubwa, na haina Atkinson. RX450h iliyofuata mwaka 2009 ilipewa Atkinson kwenye injini ya lita 3.5, ikawa na nguvu zaidi kuliko mtangulizi wake. Harrier ya 2014 hadi 2020 ilishuka hadi lita 2.5 na farasi 197, na kwa mtu wa Kampala hiyo ndiyo yenye akili katika ukoo mzima.

Wanaodhani nguvu na uchumi wa mafuta ni maadui wa kudumu waitazame Prius yenyewe. Ile iliyotoka 2016 ilikuwa na farasi 121 na vipimo vya serikali ya Marekani viliipa karibu kilomita 22 kwa lita. Ile ya 2023 ina farasi 194 kwa magurudumu mawili, na toleo lake la kawaida lilipata kilomita 24 kwa lita. Nguvu imepanda kwa asilimia 60 na mafuta yamepungua. Mota ya umeme ina tabia hiyo: kuifanya kubwa hakugharimu karibu chochote wakati huitumii, tofauti na injini kubwa ambayo hula hata ikiwa imesimama mbele ya taa nyekundu.

Sasa tazama upande wa pili. Lexus LS600h ya 2008 ilikuwa na V8 ya lita 5 na mota, farasi 440 hivi. Vipimo hivyo hivyo vya Marekani viliipa kilomita 8.5 kwa lita mjini na 9.4 barabara kuu. Ndugu yake LS460 isiyo na haibridi ilipata 6.8 mjini na 10.2 barabara kuu. Ni kweli 600h ilikuwa ya magurudumu manne, lakini bado: kwenye safari ndefu, gari lililouzwa kwa jina la haibridi lilikunywa zaidi. Honda nao walijaribu Accord Hybrid ya V6 yenye farasi 255 kuanzia 2005. Waliokuwa wanatafuta kuokoa mafuta hawakuona akiba ya kutosha, na waliokuwa wanatafuta mbio hawakuitafuta kwenye Accord. Ilisimamishwa 2007.

Tuyalete nyumbani kwa kilomita 15,000 za mwaka mmoja, tukitumia vipimo vya Marekani vya mji na barabara kuu vikichanganywa, na tukikumbuka kwamba lita moja ya petroli hutoa kilo 2.3 za kaboni dioksaidi. Lexus RX330, yaani Harrier ya petroli tupu ya magurudumu manne, ni kilomita 8 kwa lita: lita 1,875, tani 4.3. Harrier ya haibridi 3.3 ni 10.6 kwa lita: lita 1,415, tani 3.3. Corolla ya kawaida ya lita 1.8, isiyo na betri ya kujivunia, ni kama 12: lita 1,250, tani 2.9. Prius ya kizazi cha pili ni 19.6: lita 765, tani 1.8.

Kwa hiyo aliyeuza Harrier ya petroli akanunua ya haibridi amepunguza tani moja kwa mwaka, na hilo si dogo. Aliyekuwa na Premio au Corolla akapanda Harrier ya haibridi "kwa ajili ya mazingira" ameongeza moshi. Na aliyehitaji tu kumpeleka mtoto shule na kufika ofisini angepata gari la nusu ya mafuta hayo kwenye bondi hiyo hiyo.

Mtu wa Uganda ana haki ya kuuliza: vipimo vya Marekani vinahusiana nini na Wandegeya saa kumi na moja jioni? Vinahusiana kidogo, na tofauti iliyopo humfaa mwenye haibridi. V6 ikinguruma bila kwenda popote hula kama lita moja hadi moja na nusu kwa saa, na kiyoyozi kikiwashwa huongeza. Haibridi huzima injini, na kwenye Harrier kiyoyozi chenyewe ni cha umeme, hivyo injini huamka kila baada ya dakika chache kuchaji kisha hulala tena. Katika foleni ya Jinja Road hadi Kireka, Harrier ya haibridi huizidi ya petroli kwa mbali kuliko karatasi zinavyoonyesha. Kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana: Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Mota haipotezi kitu, kwa sababu haivuti hewa. Ukiwa Kabale, juu zaidi milimani, utaliona hilo.

Lakini foleni hiyo hiyo ina mtego. Madereva wengi wana mazoea ya kuweka gia kwenye N gari likisimama, mazoea ya gari la kawaida. Kwenye haibridi za Toyota, N huzuia jenereta kuchaji. Kiyoyozi, taa na redio vinaendelea kula betri kubwa wakati injini haiwezi kuijaza. Fanya hivyo nusu saa kila jioni na betri itashuka hadi kiwango cha hatari mara kwa mara, na hapo ndipo seli huanza kufa. Kaa kwenye D na ukanyage breki. Ukisimama muda mrefu weka P.

Mtego wa pili ni ile nafasi ya gia iliyoandikwa B. Watu wanaambiwa B inachaji zaidi. Kazi ya B ni kuzungusha injini ili ivute gari lisikimbie kwenye mteremko mrefu, yaani inatupa nishati makusudi. Mjini haina kazi. Ina kazi ukishuka Kanaba kuelekea Kisoro, na sababu yake ni hesabu rahisi. Gari la tani mbili likishuka mita 140 za wima hutoa nishati inayotosha kujaza ile kilowati-saa 0.76 kutoka chini hadi juu. Tukitoa kinachopotea kwenye upepo, matairi na mota, sema mita 200. Baada ya hapo betri imejaa, breki ya umeme inakataa kupokea, na kila mita unayoshuka inaishia kwenye diski au kwenye injini. Milima ya Kigezi haihesabiwi kwa mita 200. Huko haibridi ndogo na kubwa zote hufaidi kidogo tu, na lile V6 zito hulipa bei ya kupanda.

Namna ya kukanyaga breki nayo ina hesabu yake. Gari la tani mbili kwenye mwendo wa 80 lina nishati ya karibu kilojuli 494. Ukilisimamisha kwa sekunde 5, hiyo ni wastani wa kilowati 99, na betri ya Harrier haiwezi kupokea hata nusu yake. Ukianza kuachia mafuta mapema na kulisimamisha kwa sekunde 15, wastani ni kilowati 33, na sehemu kubwa inarudi. Mtu aliyenunua nguvu kwa ajili ya kuruka kutoka taa moja hadi nyingine hurudisha kidogo sana, kisha hushangaa kwa nini gari lake linafanya kilomita 7 kwa lita. Kwa njia, usiamini namba ya dashibodi. Jaza tangi hadi pampu ikatike, tembea kilomita 400 au zaidi, rudi kwenye pampu ileile ujaze hadi ikatike, gawanya.

Za kuchomeka kwenye umeme ni habari nyingine, na hapa Uganda ingekuwa na sababu ya kuzipenda kuliko nchi nyingi. Umeme wetu kwa sehemu kubwa unatoka majini: mabwawa ya Nalubaale na Kiira, Bujagali megawati 250, Isimba 183, na Karuma 600 iliyozinduliwa 2024. Kilomita inayotembezwa kwa umeme huo haina moshi wa kusema. Ile BMW X5, toleo la 45e, ina betri ya kilowati-saa 24, ambazo kama 21 ndizo zinazotumika, na inaweza kwenda Entebbe na kurudi Kampala bila kuamsha injini ukiendesha kwa utulivu. Ukihesabu upotevu wa chaja utanunua kama yuniti 24 za Yaka, umeme wa kulipia kabla. Tukichukua shilingi 750 kwa yuniti, ni 18,000. Petroli ya kilomita 70 kwenye gari hilo hilo betri ikiwa tupu, kwa kilomita 9 kwa lita na shilingi 5,000 kwa lita, ni karibu 39,000.

Sharti ni kwamba uchomeke. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilichapisha takwimu zilizokusanywa na kompyuta za magari yenyewe barabarani: haibridi za kuchomeka zilitoa kaboni mara 3.5 ya ile iliyoandikwa kwenye vyeti vyake. Sababu kubwa ni kwamba wenyewe hawazichaji kama ilivyodhaniwa. X5 hiyo bila chaji ni injini ya lita 3 iliyobeba karibu kilo 300 za ziada. Na betri yenyewe imeshakuja na deni. Kwa makadirio ya kawaida ya kilo 60 hadi 100 za kaboni kwa kila kilowati-saa ya betri ya lithiamu, kutengeneza kilowati-saa 24 ni tani 1.4 hadi 2.4, sawa na lita 600 hadi 1,000 za petroli. Deni hilo hulipwa kwenye soketi tu.

Na soketi za nyumba zetu ndizo zinazokwamisha wengi. Chaja ya gari huangalia waya wa ardhi kabla ya kuanza. Nyumba nyingi ardhi ni jina tu kwenye soketi, hakuna fimbo iliyochimbiwa, na gari hukataa au huchaji kisha hukata katikati ya usiku. Jioni volti zikishuka chini ya 200, chaja hupunguza kasi au husimama. Na waya wa kurefusha wa dukani, ule mwembamba, ukibebeshwa ampea 10 kwa saa tisa mfululizo huyeyuka kwenye plagi. Kinachotakiwa ni laini yake peke yake kutoka kwenye boksi: waya wa milimita za mraba 4, bureka ya ampea 20, kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampea 30, na fimbo ya ardhi iliyopimwa na fundi mwenye kipimo, siyo iliyopigwa nyundo ikaachwa. Kama unaishi ghorofani na unaegesha barabarani, usinunue haibridi ya kuchomeka. Chukua ya kawaida yenye injini ndogo.

Tukirudi kwenye zile za kawaida, ambazo ndizo nyingi, mazingira hupotea au huokolewa gereji. Sheria ya usalama barabarani iliyorekebishwa mwaka 2018 ilikataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, na tozo ya mazingira hupanda kadiri gari linavyozeeka. Tozo hiyo huangalia umri. Haiulizi gramu ngapi za kaboni zinatoka nyuma. Matokeo yake, haibridi nyingi hufika zikiwa na betri za miaka kumi hadi kumi na minne, karibu na mwisho wa uhai wake, na mnunuzi anayefurahia bei hajui kwamba amenunua pia bili ya betri.

Betri za nikeli huuawa na joto kuliko kitu kingine. Zina feni inayovuta hewa ya ndani ya gari: kwenye Prius kiingilio kiko pembeni ya kiti cha nyuma, kwenye Harrier ya 3.3 betri iko chini ya kiti cha nyuma na viingilio viko hapo hapo chini. Barabara ya murram huingiza vumbi jekundu, vumbi hushika kwenye mapezi ya feni, hewa hupungua, seli za katikati hupata joto kuliko za pembeni na kuchoka kwanza. Anayesafiri na mikungu ya matoke iliyobanwa kwenye kiingilio hicho anaipika betri yake kuanzia Masaka hadi Kibuye. Fungua kifuniko, safisha feni kwa brashi laini na hewa ya kompresa yenye shinikizo dogo kila kilomita 10,000 kama unapita vumbi, 20,000 kama ni lami tupu.

Taa ikiwaka na skana ya kusoma kompyuta ya gari ikatoa msimbo P0A80, unaosema betri kubwa imechoka, usikimbilie kununua. Anza na betri ndogo ya volti 12. Ndiyo inayoamsha kompyuta zote, na ikichoka gari linaweza kutoa misimbo ya ajabu ya hitilafu au kukataa kabisa kuingia READY, yaani hali ya kuwa tayari kuondoka. Ikiwa imepumzika usiku kucha na ikasoma chini ya volti 12, badilisha kwanza hiyo. Kwenye Prius betri hiyo iko nyuma ndani ya gari, hivyo lazima iwe ya aina iliyofungwa yenye bomba la kutolea gesi nje. Betri ya kawaida ya asidi hapo ndani itakula vyuma na mapafu.

Kisha skana iwekwe kwenye volti za vikundi. Prius ina moduli 28 za volti 7.2, zikisomwa kama vikundi 14. Gari likiwa limetulia, tofauti kati ya kikundi cha juu na cha chini isizidi volti 0.3. Panda kilima, Muyenga inatosha, mafuta hadi chini, huku mtu mwingine akitazama. Kikundi kikishuka zaidi ya volti moja chini ya wenzake, kina moduli mbovu. Tazama pia mistari ya chaji: ikipanda hadi kujaa na kushuka hadi tupu ndani ya dakika chache, uwezo umekwisha. Vipimo hivi vinafaa zaidi kabla ya kununua. Muuzaji anayekataa skana ichomekwe amekwisha kujibu.

Kuna mtindo wa kubadilisha moduli moja iliyokufa na kumrudishia mwenye gari. Inafanya kazi miezi michache. Moduli 27 zilizobaki zina umri uleule, na ile mpya yenye nguvu huwasukuma wanyonge hadi mwingine afe. Kazi iliyonyooka ni kutoa zote, kuchaji na kumaliza kila moja mara tatu kwa mashine, kuandika uwezo wake (mpya ni miliampea-saa 6,500), kutupa zote zilizo chini ya 4,000, kupanga zinazolingana, na kusafisha au kubadilisha vipande vya shaba vinavyoziunganisha kama vimeshika kutu ya kijani. Nati zake hukazwa kwa nyutoni-mita 5.4, ukikaza kwa mkono wa gereji ya lori unavunja nguzo ya plastiki. Pamoja na betri mpya kamili kuwa ghali, kwa gari utakalokaa nalo miaka mitano betri hiyo mpya ndiyo hesabu bora.

Umeme wa ndani ya Harrier hiyo hupandishwa hadi volti 650. Utaratibu haujadiliwi: zima READY, ufunguo upelekwe mbali, toa waya hasi wa betri ndogo, vaa glavu za volti 1,000 baada ya kuzipuliza hewa uone kama zinavuja, vuta plagi ya machungwa na uiweke mfukoni mwako mwenyewe, subiri dakika 10 kapasita zimalize, pima kwa mita upate sufuri. Fundi akianza kufungua bila glavu, lichukue gari uondoke.

Upande wa injini, Prius ya 1.8 (kuanzia 2009) ina ugonjwa wake: mfumo wa kurudisha moshi, EGR, huziba masizi kwenye kipoza na kwenye matundu madogo ya manifoldi. Silinda moja hupata joto kuliko nyingine, gasketi ya hedi hupasuka, na dalili ya kwanza ni kutikisika asubuhi gari likiwaka. Kusafisha kila kilomita 80,000 ni nafuu kuliko hedi. Inveta nayo ina maji yake ya pinki na pampu yake; anayejazia maji ya bomba anaalika kutu ndani ya kifaa ghali kuliko vyote kwenye gari.

Halafu kuna katalisti. Lile boksi la ekzosi linalosafisha moshi lina madini ghali, na hapa mjini lina soko. Gari huingia gereji kwa kazi nyingine na kutoka likiwa na bomba tupu lililochomelewa, wakati mwingine kwa ridhaa ya mwenyewe aliyeambiwa linaongeza mbio, wakati mwingine bila kujua. Gari la haibridi lisilo na katalisti bado linaokoa mafuta, lakini hidrokaboni, monoksidi ya kaboni na oksidi za naitrojeni zinatoka mbichi, kwenye jiji ambalo vipimo vya AirQo, mradi wa kupima hewa wa Chuo Kikuu cha Makerere, vinaonyesha hewa yake ni chafu kupita mwongozo wa WHO. Chungulia chini kabla ya kununua na kila baada ya gereji. Mchomeleo mpya wenye mabaka, au spesa iliyowekwa kwenye sensa ya oksijeni ili kuzima msimbo P0420, ule unaolalamikia katalisti, ni ushahidi.

Kwa nani basi haibridi kubwa ina utetezi? Familia ya watu watano, au mtu anayebeba mizigo kwenda shambani Mubende, ambaye vinginevyo angechukua V6 ya petroli au Prado ya zamani. Anayekaa foleni saa mbili kwa siku. Na anayekubali kulipia feni, betri na katalisti. Huyo apewe Harrier ya 2.5 kabla ya 3.3, na RX450h kabla ya RX400h. Anayekwenda peke yake ofisini kwa farasi 272 asitumie neno mazingira. Taksi ya Hiace yenye abiria 14, ikifanya kilomita 10 kwa lita, inabeba kila abiria kilomita 140 kwa lita. Yeye anajibeba kilomita 10.6, na hakuna teknolojia ya Toyota inayoziba pengo hilo.

Limebaki moja ambalo mafundi huuliza mara chache: moduli zilizotolewa zinakwenda wapi. Zina nikeli yenye thamani na maji ya potasiamu haidroksaidi yanayounguza ngozi na macho. Zisitobolewe, zisichomwe na zisirundikwe pamoja na vyuma chakavu kwenye soko la vipuri la Kisekka zikiwa na chaji, kwa sababu vichwa viwili vikigusana huwaka. Zifunikwe ncha kwa tepu ya umeme, zipangwe wima kwenye kreti ya plastiki, na zikabidhiwe mkusanyaji mwenye leseni ya taka hatarishi ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Mwambie fundi aandike kwenye risiti idadi ya moduli alizotoa na alikozipeleka, kabla hujamlipa.